Udon ya mashine kuukuu: kwa nini Wajapani wanaifuata mbali

Msomaji wa Mombasa anauliza: "Mwanangu anasoma Yokohama. Majuzi alinitumia video yuko nje ya duka la matairi, amepanga foleni na watu wazima mbele ya mashine iliyochakaa, wanangojea bakuli la tambi. Anasema alitoka asubuhi akarudi jioni kwa ajili ya hilo tu. Mashine mpya si zimejaa kila kona huko? Watu wanafuata nini kwenye kile chuma kikuukuu? Na je, vitu hivyo vitadumu, au mwanangu anapenda kitu kinachokufa?"

Mama, shikamoo. Mahali alipokwenda mwanao napatambua hata bila kuiona hiyo video. Duka la matairi yaliyotumika lenye foleni ya watu wa tambi liko Sagamihara, mkoa uleule wa Kanagawa ulio na Yokohama. Mwenye duka alianza kukusanya mashine za zamani za kuuza vyakula na vinywaji, akazifufua moja baada ya nyingine, akazipanga nje ili wateja wanaosubiri kufungiwa matairi wapate cha kutia mdomoni. Leo zimepita 100, na wengi wanaofika pale hawana haja ya tairi hata moja. Kwa hiyo mwanao hakupotea njia. Amekwenda mahali ambapo Wajapani wenyewe wanasafiri kutoka mikoa ya mbali kwenda kupaona.

Nitakujibu kwa jicho la fundi, kwa sababu mashine za namna hii ndizo zilizonilisha miaka niliyoishi kule, na naamini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya kabati lenyewe.

Jibu jepesi linalotolewa kila mara ni kwamba Wajapani wanapenda mambo ya kale. Mimi halinitoshi. Mashine kuukuu za sigara zipo, za betri zipo, za tiketi zipo, na ni wachache sana wanaofunga safari kwa ajili yake. Zinazofuatwa hasa ni zile zinazokupa kitu cha moto cha kula: ya udon na soba, aina mbili za tambi za mchuzi, ya tosti iliyofungwa kwenye foili, ya hambaga ya kwenye boksi. Tukijua zile zina nini, tutajua watu wanafuata nini.

Chukua hii ya udon, maana ndiyo malkia wao. Iliyo maarufu kuliko zote ilitengenezwa na kampuni ya Fuji Electric kuanzia mwaka 1975 hadi katikati ya miaka ya 1990. Kwa nje ni kabati la chuma linalomzidi mtu kimo, lina picha kubwa ya bakuli, vitufe viwili vitatu, tundu la sarafu na kidirisha cha kutolea chakula. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza, na namba zinaanza kuhesabu kwenda chini. Zitazame vizuri namba hizo. Si za skrini. Ni vijichupa vya kioo, ndani yake mna waya mwembamba uliokunjwa kwa umbo la kila tarakimu, na tarakimu ikifika zamu yake waya unawaka rangi ya chungwa. Nusu dakika haiishi, bakuli liko tayari.

Katika sekunde hizo chache kazi kubwa inafanyika. Bakuli la plastiki lenye tambi zilizokwisha kuchemshwa linatoka kwenye chumba cha baridi na kumiminiwa maji ya moto. Kisha linazungushwa kwa kasi, maji yote yanarushwa nje, tambi zinabaki zimepata moto bila maji. Linamiminiwa tena, linazungushwa tena. Ndipo unapoingia mchuzi mzito pamoja na maji ya moto, na bakuli linasukumwa mpaka kidirishani. Hatua ile ya kuzungusha ndiyo inayonifanya nimheshimu sana aliyeibuni. Kila mpishi wa tambi anajua kwamba maji ya kupashia yakibaki bakulini mchuzi unakuwa chapwa, na mpishi wa kibandani huyamaliza kwa kukung'uta kichujio. Mashine haina mkono wa kukung'uta, ikapewa mzunguko. Na kwa kuwa bakuli linazunguka, kitoweo chepesi kingeruka, hivyo tempura, yaani kitoweo kilichokaangwa ndani ya rojo ya unga, mara nyingi hulazwa chini ya tambi. Mgeni hufikiri amepunjwa mpaka aingize vijiti na kuifukua.

Sasa ukisimama karibu, haya yote unayasikia. Unasikia sarafu inavyoshuka na kugonga, mota inavyonguruma, maji yanavyomwagika, bakuli linavyosimama ghafla. Mashine inakuonyesha kwamba inakufanyia kazi. Mashine mpya ni kimya, unagusisha kadi au simu na chupa inateremka, na kwa fundi ni kitu bora kwa kila kipimo: inakula umeme kidogo, haikwami ovyo, yenyewe inapeleka taarifa kwamba soda inakaribia kwisha. Lakini imekuficha kila kitu. Hujui kama kilichofanyika kilikuwa kigumu au rahisi, na usichokijua hukikumbuki.

Ila sauti na taa peke yake zisingemtoa mtu mji wa mbali kama Nagoya. Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo lenyewe hasa.

Lile bakuli halikujijaza. Hakuna kiwanda kinachokuletea udon ikiwa imekwisha kupangwa bakulini. Mwenye mashine anachemsha tambi au anazichukua kwa mtengenezaji wa pale jirani, anakaanga tempura, anakata vitunguu vya majani, anapanga bakuli mojamoja, anafungua mlango wa kabati kwa ufunguo na kuzipakia. Jioni anarudi kuchukua bakuli chafu na kuziosha. Mchuzi ni wa kwake pia, ndiyo maana udon ya mashine aina moja haiwi na ladha moja nchi nzima. Upande wa Tokyo mchuzi huwa mweusi kwa sosi ya soya, upande wa Osaka huwa mwepesi na wenye rangi hafifu, na mashine zinafuata desturi ya mahali zilipo kama vile migahawa inavyofuata. Mtu anayesema anapenda udon ya mashine fulani anamsifu mpishi ambaye pengine hajawahi kumwona.

Kwetu Pwani ukichelewa kurudi nyumbani unakuta sahani imefunikwa kawa mezani. Wenyewe wamelala, hakuna wa kukuuliza ulikuwa wapi, lakini unajua ulihesabiwa. Mama, hivyo ndivyo lile bakuli lilivyo kwa dereva wa lori saa nane za usiku. Hakuna anayemtazama wala kumharakisha aagize, na bado kuna mtu alikaa mchana akafikiri kwamba usiku huu atapita mtu mwenye njaa. Hisia hiyo, ya kuachwa peke yako na kutunzwa kwa wakati mmoja, ni adimu sana. Mkahawani unatunzwa lakini hauko peke yako. Kwenye mashine ya soda uko peke yako, na hakuna aliyekuandalia kitu.

Historia yake inasaidia kueleza kwa nini hisia hiyo imefungwa kwenye kipindi kimoja. Mashine za kuuza zilikuwapo Japani zamani. Ile ya mbao ya stempu na kadi za posta, aliyoiunda Tawaraya Takashichi mwaka 1904, bado imehifadhiwa kwenye makumbusho ya posta jijini Tokyo. Lakini mambo yalifumuka baada ya mwaka 1967, serikali ilipotoa sarafu mpya za yen 100 na 50 za shaba iliyochanganywa na nikeli, badala ya ile ya yen 100 ya fedha. Ghafla kila mtu alikuwa na sarafu ambayo mashine ingeweza kuipima na kuiamini. Mwaka 1969 barabara ya kasi ya Tomei, kati ya Tokyo na Nagoya, ikakamilika. Magari yakaongezeka, malori yakaanza kukesha barabarani, na wenye malori walihitaji kula wakati miji yote imelala. Mwaka 1973 kampuni ya Pokka ikaleta mashine inayotoa kahawa ya kopo ya moto au ya baridi, nayo ililengwa kwa watu wa barabarani vilevile.

Katika hali hiyo kukazaliwa mikahawa isiyo na mhudumu. Ni chumba kando ya barabara kuu, taa nyeupe za mirija, meza chache, safu ya mashine ukutani, na pembeni michezo ya video ya kutumbukiza sarafu. Kilikuwa wazi usiku kucha. Mkoani Gunma, mjini Fujioka, kipo kimoja kilichofunguliwa mwaka 1975 kinachoitwa Drive-in Shichikoshi, na watu bado wanakwenda kula tosti pale. Tosti hiyo ni mkate wa nyama au jibini uliofungwa kwenye foili na kubanwa kati ya bamba mbili za moto. Inatoka ya moto kiasi kwamba watu huikamata kwa mkono wa sweta.

Angalia basi bahati ya vyombo hivi. Mashine ya udon ya Fuji Electric ilitoka mwaka 1975. Mwaka mmoja kabla, Mei 1974, duka la kwanza la Seven-Eleven, yale maduka madogo ya kuuza vyakula na mahitaji ya kila siku, lilifunguliwa nchini Japani mtaa wa Toyosu, Tokyo, na mwaka huohuo wa 1975 tawi la Koriyama, mkoani Fukushima, likaanza kufunguliwa saa 24. Mashine na kilichokuja kuiua walikua pamoja. Maduka hayo yalipoenea, dereva alipata chakula cha moto, choo safi, mwanga na mtu wa kumpokea, na vile vyumba vya taa nyeupe vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Mashine kwa jumla hazikupungua wakati huo. Kufikia mwaka 2000 Japani ilikuwa na zaidi ya milioni 5.5, na hata leo ni kama milioni 4. Zilizotoweka ni zile za kupika.

Wako wanaosema kwamba hamu hii ni ya uchumi tu: watu wanaikumbuka enzi ya Showa, iliyokwisha Januari 1989 kwa kifo cha Mfalme Hirohito, kwa sababu wakati ule kila mwaka mpya ulikuwa nafuu kuliko uliopita. Siikatai hoja hiyo, lakini naiona fupi. Wazee niliozungumza nao mbele ya mashine hizi hawakuwahi kunitajia ukuaji wa uchumi. Walitaja uchovu. Walitaja baridi ya alfajiri, baba aliyewachukua kwenda kuvua samaki, safari ya usiku kwenda kwa bibi mkoani, na mvuke uliotoka kidirishani ukaziba miwani. Mtu hukumbuka mahali alipopumzika.

Na vijana kama mwanao, ambao hawakuwapo? Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani ni mtindo wa kupiga picha. Picha zipo, na rangi zile za kahawia na chungwa zinapendeza kwenye simu, sipingi. Lakini kijana wa leo amekulia kwenye mashine ambazo haziwezi kufunguliwa. Simu yake imegundishwa, gari limefunikwa plastiki juu ya injini, programu inabadilishwa usiku akiwa amelala. Anapokutana na kabati ambalo kila sehemu yake inasikika na inaeleweka, lenye bisibisi ya mtu nyuma yake, anaona kitu ambacho hakuwahi kupewa. Huwezi kusema anakumbuka. Anagundua kwamba ulimwengu uliwahi kuwa hivyo, na kwamba si lazima uwe ulivyo sasa. Kwa kijana anayesoma ugenini, hilo ni somo zuri kuliko unavyodhani.

Kuna jaribio la karibuni linalonithibitishia haya. Mwaka 2021, wakati wa korona, kampuni ya Sanden ilitoa mashine mpya ya vyakula vilivyogandishwa, na ikapokewa vizuri sana. Rameni (tambi za mchuzi) za migahawa mashuhuri, gyoza (maandazi madogo ya nyama), nyama, kila kitu unanunua saa yoyote. Ni chombo kizuri na kimeokoa biashara za watu. Lakini unanunua barafu unapeleka nyumbani. Hakuna anayesimama mbele yake na vijiti mkononi, hakuna anayepiga gumzo na asiyemjua wakati namba zinahesabu. Chakula ni bora pengine, ila mahali hapapo.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama yaliyotokea Akita, kaskazini mwa Japani. Nje ya duka dogo la bandarini palikuwa na mashine ya udon na soba, haina hata chumba, inapigwa na upepo wa bahari na theluji. Mwaka 2015 shirika la utangazaji la NHK lilirusha kipindi kilichotengenezwa kwa kukaa mbele ya mashine hiyo siku tatu za majira ya baridi, likiwasikiliza waliokuja kula wamesimama. Walikuja watu wa kawaida kabisa na mambo yao ya kawaida, na nchi nzima ikaguswa. Mwaka uliofuata mwenye duka alifunga biashara. Watu walifurika kuaga. Halafu mashine ile haikutupwa: ilihamishiwa kituo cha mapumziko cha barabarani palepale bandarini, ikaendelea kutoa bakuli. Mimi kama fundi najua maana ya kuhamisha kitu cha umri ule. Mabomba yamekuwa magumu, waya zimekauka, na skrubu nyingine zikishafunguliwa hazikubali kurudi. Aliyeifanya kazi hiyo aliipenda.

Ndipo nije kwenye swali lako la mwisho, kama vitu hivi vitadumu. Sitakudanganya, mama. Vinapungua, na kiwanda hakitengenezi spea tena. Mashine mbili zikifa, fundi huzifanya moja. Pampu ya hii, bodi ya umeme ya ile, mlango wa tatu. Vile vijichupa vya namba haviundwi tena kwa wingi. Hata sarafu zimezikimbia: nyingi zilitengenezwa kabla ya sarafu ya yen 500 kuwapo, maana hiyo ilitoka mwaka 1982, na baadaye ikabadilishwa mara mbili, mwaka 2000 na 2021. Kifaa cha kupimia sarafu cha mwaka 1975 kinajua yen 10, 50 na 100, basi. Jambo gumu kuliko hayo ni mtu. Anayeamka kupanga bakuli amezeeka, na hesabu haimpi mwanawe sababu ya kurithi, kwa kuwa bakuli linauzwa yen mia tatu, mia nne hivi na kazi yake ni ya mkahawa mzima.

Hata hivyo sioni kama ni mwisho wa haraka. Duka la Sagamihara limeonyesha kwamba spea ikikosekana inaweza kuchongwa, na kwamba watu wakija kwa wingi mashine inajilisha. Kinachohitajika ni watu wenye mikono waliokubali kujifunza chombo ambacho hakina mwalimu rasmi. Kama mwanao anasomea uhandisi, na pale hakuishia kupiga picha bali aliuliza jinsi bakuli linavyozungushwa, usimkataze. Wapo wazee kule wanaotafuta kijana wa kumwonyesha.

Akienda tena, mwambie atangulie kuvunja noti zake apate sarafu za yen 100 za kutosha, kwani mashine nyingi za pale hazijui noti. Aende siku ya kazi, si Jumapili, atapata nafasi ya kusimama na kusikiliza badala ya kusukumwa na foleni. Bakuli akimaliza amwage mchuzi uliobaki kwenye ndoo iliyowekwa, na alirudishe mahali pake, kwa sababu kuna mtu ataliosha kwa mkono jioni. Mashine ikikwama asiipige wala kuitikisa, amwite mwenyewe. Na aanze na udon ya tempura. Hambaga ina jina kubwa, lakini mkate wake hutoka umelegea kwa mvuke, ni ya kuonja ukiwa umeshashiba.